Barua ya Wazi kwa Halmashauri Kuu ya Chama Chetu, Kutoka Tawini

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Taifa, Mheshimiwa Katibu Mkuu, na Waheshimiwa Wajumbe wote wa Halmashauri Kuu,



Ada ya chama inataka barua ya tawi ipite kwa katibu wa kata, kisha wa wilaya, kisha wa mkoa, ndipo ifike mezani kwenu. Nasi ada hiyo tumeifuata kwa muda mrefu na kwa subira, hata ikatudhihirikia kwamba barua zetu huondoka na hazifiki, au hufika na hazisomwi, maana hatujapata kuletewa jibu, hata la kukataliwa. Kwa sababu hiyo kikao cha tawi kimeniamuru niiandike hii mbele ya hadhara, aisome kila mwenye kadi yetu, na aisome pia kila asiye na kadi ambaye hutucheka barazani tukipita na bendera. Jina la chama silitaji. Ninyi mnajijua na wanachama wanawajua. Na kwa kuwa vyama vidogo vinavyojinasibu kwa uzalendo, na vyenye maradhi kama yetu, si kimoja wala viwili katika nchi hii, huenda na wengine wakajiona humu wakapata faida bila ya kulipa kiingilio.

Mimi ni katibu wa tawi katika mkoa wa Tanga. Wenzangu ni wavuvi, wakulima wa mihogo, mama lishe, fundi baiskeli, na mwalimu mmoja mstaafu ambaye ndiye anisahihishiaye barua. Hatukuingia katika chama kwa tamaa ya ubunge, kwani mwenye tamaa hiyo, akiwa na akili zake timamu, anajua mlango wa kubisha, na si huu wetu. Tuliingia kwa kuwa ilani yenu ilisema habari ya ardhi ya wananchi, na viwanda vilivyokufa, na hadhi ya Mtanzania katika nchi yake. Maneno hayo tuliyaamini, na hata leo hatujayaacha. Mlioyaacha ni ninyi, mkashika mengine yaliyo mepesi zaidi kusemwa mbele ya waandishi wa habari, na huo ndio msingi wa mashtaka yetu yote yafuatayo.

1. Kazi ya tawi, ambayo kwa namna mnavyotuagiza nadhani hamuijui, au mliijua mkaisahau. Mnapotaka kuja kuhutubia, sisi ndio tunaopeleka taarifa polisi, na sheria inataka taarifa hiyo itangulie mkutano kwa saa 48, ilhali simu yenu aghalabu hutufikia jana yake, tukabaki kumsihi afisa wa polisi kwa unyenyekevu usiolingana na hotuba zenu za ushujaa. Sisi ndio tunaokodi viti, turubai na vipaza sauti, kwa deni ambalo katika daftari la mwenye mali limeandikwa jina la mwenyekiti wa tawi, si jina la chama. Siku ya kura, mawakala wetu hukaa kituoni toka alfajiri hadi karatasi ya mwisho ihesabiwe, hawana posho wala kikombe cha chai, na jirani yao, wakala wa chama kikubwa, akawagawia chapati kwa huruma. Haya yote hatuyalalamikii, kwani mwenye kutaka raha hakai katika chama kidogo. Tunalalamika kwamba mtu yule yule afanyaye haya haulizwi lolote: mgombea wa udiwani tunaletewa kutoka juu, sera tunazisikia redioni kama wasikiavyo wapinzani wetu, na mkutano mkuu wa taifa tunaambiwa umekwisha fanyika, ukamchagua tena kila aliyekuwapo.

Katika uchaguzi mmoja wa serikali za mitaa tulimpata mgombea wa kweli, mvuvi ambaye hapana mlango wa mtaa wetu asiokaribishwa, naye akakatwa kabla ya kampeni kwa kuwa fomu yake ilikosa mhuri wa chama. Mhuri ulikuwa mmoja, na ulikuwa Dar es Salaam, ndani ya mkoba wa kiongozi aliyekuwa safarini. Watu wa kwetu husema kuna vyama vya mfukoni. Sisi tunajua, kwa ushahidi, kwamba chama chetu ni cha mkobani.

2. Ardhi, ambayo ndiyo iliyotuleta. Mkoa huu umejengwa na kubomolewa na mkonge. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893, na katika miche aliyoagiza ilisalia hai 62 tu. Kutokana na hiyo yakatoka mashamba yaliyofika upeo wa macho, hata mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi yetu ikawa inatoa zaidi ya tani 200,000 za singa kwa mwaka, na hapana nchi nyingine duniani iliyotupita. Kisha zikaja kamba za nailoni, bei ikaanguka, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, yakachakaa, baadaye yakauzwa, na mengine hadi leo ni vichaka vyenye hati, yamezunguka vijiji ambavyo vijana wake hawana mahali pa kupanda hata mhogo. Ikiwa kuna jambo la kizalendo katika Tanga, ni hili.

Sasa tazameni namna mnavyolishughulikia. Mmeitisha mikutano na waandishi wa habari, mkapaza sauti kwamba ardhi inachukuliwa na wageni, mkapigwa picha, mkaenda zenu. Lakini Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 yenyewe inasema asiye raia hagawiwi ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji, na mwenziwe, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huo huo, inaikataza halmashauri ya kijiji kumgawia mtu yeyote ardhi mpaka mkutano mkuu wa kijiji uridhie. Maana yake ni kwamba ulinzi wa ardhi umewekwa na sheria mikononi mwa wanakijiji wanaokaa chini ya mwembe, ambao huitwa kila robo ya mwaka, au hustahili kuitwa. Na mahali pengi mkutano huo hauitishwi, au huitishwa wakahudhuria wazee wachache na mtendaji, muhtasari ukaandikwa kwamba wananchi wameridhia. Mwanachama wa chama cha kizalendo mahali pake ni pale. Akae mbele, adai muhtasari uliopita usomwe, aulize eneo fulani limetolewa kwa idhini ya nani, na asipojibiwa aandike. Na ardhi ile ya mashamba ya zamani, ambayo si ya kijiji bali ina hati, na hati hiyo haifutwi ila na Rais, nayo inataka watu wa kuishuhudia: nani aliyeiacha, toka lini, na nani anaishi kandokando yake bila ya shamba. Ushahidi huo hauko katika ofisi yenu. Uko kwetu, na tulikwisha uandika katika barua mojawapo ya zile zisizojibiwa.

Kazi hii haina sauti wala haipigwi picha, na pengine huchukua miaka kumi kabla ya kuzaa ekari moja. Nadhani ndiyo sababu hamuipendi.

3. Neno "wageni". Hapa nitanena kwa uwazi, kwa kuwa jambo hili limekwisha tuharibia zaidi ya umaskini. Kila mwaka unaokwenda, hotuba zenu zinapungua habari ya ardhi na kuzidi habari ya watu: wenye maduka, wenye asili ya Bara Hindi, wenye asili ya Uarabuni, na katika miezi ya karibuni hata Wapemba. Ninyi mnaosema hayo mnaishi mahali ambapo mtu hamjui jirani yake, lakini sisi tunaishi Tanga. Basi nataka mnieleze, katika mji huu mwenyeji ni nani? Tukiwatoa Wadigo, Wasegeju, Wabondei na Wasambaa, kila mwingine ana babu aliyekuja. Wamakonde wa kambi za mkonge walivuka Ruvuma. Waha na Warundi waliletwa kwa malori na treni, wakapewa namba, na kwa hiyo wakaitwa manamba. Tangu mwaka 1944 palikuwa na ofisi maalumu ya wenye mashamba, iliyoitwa SILABU, ambayo kazi yake ilikuwa kuwakusanya watu hao kutoka mbali. Wajukuu wao ndio wanachama wetu. Wapemba huja kwa dau kuvua katika maji haya, wakaoa huku, wakazikwa huku, nao vilevile ni wanachama wetu. Mkisema wageni waondoke, tawi letu linabaki na watu wanne, na mmoja wao ni kiziwi.

Mama mmoja wa tawi, ambaye babu yake mzaa baba alitoka Hadhramaut, ndiye aliyepika pilau ya wajumbe wenu mlipokuja mara ya mwisho. Alipika usiku kucha kwa kuni zake, na mchele nusu ulikuwa wake. Siku ya pili alisimama nyuma ya jukwaa akisikiliza, na mzungumzaji wenu, mtu mwenye elimu, akasema kwamba wenye rangi kama yake wamekwisha shiba na sasa wakashibe kwao. Watu walipiga makofi, kama wapigavyo kila mahali panapotajwa adui. Asubuhi yake aliirudisha kadi, hakusema neno la hasira, akaomba tu sufuria zake. Nafasi yake haijapata mtu, na wanawake waliokuwa wakija kwa ajili yake hawaji.

Juu ya hayo, Sheria ya Vyama vya Siasa Na. 5 ya 1992, ambayo kwayo tulizaliwa, hairuhusu kusajiliwa chama kinachopigania kabila moja, dini moja au rangi moja. Mnapanda jukwaani na cheti cha usajili mfukoni, huku mkitangaza lile ambalo mngelitangaza siku ya kuomba cheti hicho msingelipewa.

4. Zuberi Mtemvu na chama chake, kwa kuwa mnapenda kumtaja, nami naona mnamtaja nusu. Mnasema yeye ndiye mzalendo wa kwanza aliyesimama peke yake, na ni kweli alisimama. Katika mkutano wa TANU uliofanyika Tabora, Januari 1958, palipokubaliwa kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alilazimishwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na kura yenyewe hupewi ila uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kinachotambuliwa, Mtemvu alikataa, akajitoa, akaunda African National Congress iliyosema Afrika ni ya Waafrika peke yao. Simwiti mjinga, kama baadhi ya watu wanavyomwita. Utaratibu ule ulikuwa tusi kwa umma wa nchi hii, na ghadhabu yake ilikuwa ghadhabu ya haki. Nami nakiri pia kwamba baada ya uhuru chama kilichoshika dola hakikumwachia mpinzani nafasi ya kupumua.

Lakini nusu ya pili ni hii. Wakati huo TANU, toka iundwe Julai 7, 1954, ilikuwa imekwisha ingia majumbani. Haikuingia kwa hotuba za Mwalimu Nyerere peke yake, ijapokuwa zilikuwa nzuri. Iliingia kwa watu mfano wa Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba, ambaye mwaka 1955 alipewa kazi ya kuwaandikisha wanawake wa Dar es Salaam, naye hakuanza na jukwaa, bali aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, wale ambao tayari walikuwa na watu wao, na michango yao, na namna yao ya kuitana kwa saa moja mji mzima. Maelfu ya wanawake wakaandikishwa katika muda mfupi ambao leo ninyi mnautumia kuchapa fulana. Basi Mtemvu alipotoka na neno lake kali, neno hilo halikukuta tawi la kulibeba. Katika uchaguzi wa 1960 TANU ilichukua viti 70 kati ya 71, na African National Congress haikupata hata kimoja. Katika uchaguzi wa Rais wa mwaka 1962, Nyerere alipata kura 1,127,978 na Mtemvu 21,276. Na haukupita muda mrefu chama chake kikazimika, naye mwenyewe akarejea TANU, kabla hata sheria ya chama kimoja haijapitishwa mwaka 1965.

Mimi hesabu ile ndogo huitazama kwa jicho jingine. Watu 21,276, katika nchi iliyokuwa imelewa furaha ya uhuru, waliingia chumba cha kura wakamkataa Baba wa Taifa! Hao walikuwa wanachama wa namna gani, wenye ghera iliyoje! Na chama kiliwafanya nini? Kiliwapa adui wa kumchukia, hakikuwapa kazi ya kufanya, na uchaguzi ulipokwisha hawakuwa na mahali pa kukutana. Kila chama cha kizalendo kilicho kidogo hukumbwa na kishawishi hiki: kumtukana jirani wa asili nyingine hakugharimu nauli, wala fomu, wala mhuri, ilhali kulijenga tawi hugharimu vyote hivyo pamoja na miaka ya watu, kwa hiyo kiongozi asiye na matawi huanza kutukana, na jinsi anavyotukana ndivyo matawi machache aliyonayo yanavyokwisha, naye akazidi kutukana ili kelele zifunike upungufu.

5. Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila, ambaye picha yake imetundikwa katika ofisi ya mkoa. Na huyu nampa haki yake, tena kwa moyo mweupe. Alipoona Katiba inamlazimisha kila mgombea adhaminiwe na chama, alikwenda mahakamani, akashinda, akapokonywa ushindi kwa marekebisho ya Katiba, akarudi tena, miaka nenda miaka rudi, mpaka Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo Arusha, ikampa haki Juni 14, 2013. Kazi hiyo ya subira, makaratasi na ukaidi ndiyo iliyobaki. Ni uzalendo wenye faida kwa kila raia, wa kila rangi.

Lakini alikuwa na upande mwingine, wa majukwaa ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, alipowaita matajiri wenye asili ya Kiasia magabacholi, na umati ukachemka. Na ninyi mkaurithi upande huo mkauacha ule wa mahakama. Chama chake, Democratic Party, kwa kuukataa Muungano kilikaa bila usajili wa kudumu mpaka mwaka 2002. Mwaka 2005 akagombea urais akapata kura 31,083. Oktoba 4, 2015 akafariki katika ajali ya gari, wiki tatu kabla ya uchaguzi mkuu, na mtu hahitaji kuwa mjumbe wa Halmashauri Kuu kuona yaliyokifika chama kilichokuwa kimesimama juu ya pumzi za mtu mmoja. Mheshimiwa Mwenyekiti, Mwenyezi Mungu akupe umri mrefu. Lakini katika wajumbe wako, nani anayejua namba za simu za makatibu wa matawi isipokuwa wewe?

6. Jawabu tunalolitarajia kwenu. Najua mtakalosema, maana katibu wa mkoa amekwisha lisema: kwamba matawi hayaaminiki, yamejaa mapandikizi, na ndiyo sababu maamuzi yote hushikwa juu. Ni kweli kuna watu hununuliwa. Lakini niambieni, wale waliohama upinzani kwenda chama tawala kati ya mwaka 2017 na 2020 wakisema wanaunga mkono juhudi za serikali, walikuwa makatibu wa matawi au wabunge na madiwani? Anunuliwaye ni mwenye kitu cha kuuza, na hapana tajiri atakayemnunua mgawa vipeperushi. Katika tawi la watu thelathini wanaojuana kwa majina ya mama zao, pandikizi hatimizi mwezi hajagunduliwa. Katika kikao cha watu watano ndani ya hoteli, anaweza kuzeeka.

7. Fedha. Kadi tunauza, nusu ya mapato tunapeleka wilayani kama mlivyoagiza, na hatujapata kuona karatasi ya hesabu. Sina zaidi la kusema hapa. Kila msomaji ataongeza mwenyewe.

Basi tunayoyataka ni haya, nayo si mengi wala hayahitaji mfadhili.

Kwanza, mgombea wa kijiji, mtaa, kitongoji na kata ateuliwe na mkutano wa wanachama wa mahali hapo, kwa kura ya siri, na jina litakalotoka lisibadilishwe na yeyote isipokuwa kwa sababu iliyoandikwa na kusomwa mbele ya mkutano huo huo. Mihuri itengenezwe ya kila wilaya, ikae kwa katibu wa wilaya.

Pili, nusu ya wajumbe wa Halmashauri Kuu watoke katika matawi na si katika uteuzi wa Mwenyekiti, na miongoni mwa nusu hiyo wanawake wasipungue nusu tena. Chama ambacho wapishi wake ni wanawake na wajumbe wake ni wanaume kisitaje jina la Bibi Titi katika hotuba.

Tatu, kila tawi lipewe kazi moja ya ardhi kwa mwaka: kuhudhuria mikutano mikuu ya vijiji, kuandika yaliyoamuliwa, na kuorodhesha mashamba yaliyotelekezwa, na makao makuu yatafute wakili mmoja, hata wa kujitolea, wa kuyapokea makaratasi hayo.

Nne, mzungumzaji yeyote atakayewataja wananchi wa nchi hii kuwa ni wageni kwa sababu ya rangi, dini au kisiwa walikotoka, aondolewe jukwaani na mwenyekiti wa mkutano, na mwenyekiti wa mkutano awe ni wa tawi lililoandaa. Na yule mama apelekewe barua ya kuombwa radhi, yenye saini ya Katibu Mkuu. Mimi nitaipeleka mwenyewe, ila sitaiandika mimi.

Tano, hesabu ya mapato na matumizi ibandikwe katika kila ofisi ya wilaya, kila nusu mwaka.

Sasa nakuja kwenye lile ambalo pengine litawafanya mwisome barua hii hadi mwisho. Mnajua kwamba chama hakipati usajili wa kudumu ila kiwe na wanachama wasiopungua 200 katika kila mkoa, katika mikoa isiyopungua 10, mmoja ukiwa Unguja na mmoja Pemba. Na mnajua kwamba Msajili wa Vyama vya Siasa huja kuhakiki. Majina ya mkoa wa Tanga yalikusanywa kwa miguu na watu wa tawi letu na matawi ya jirani, na madaftari yake ya asili hayako Dar es Salaam. Yako kwetu, yametunzwa vizuri, yana anwani na saini na alama za vidole za wale wasiojua kuandika.

Makatibu wa matawi ya wilaya yetu tumekutana, tukaafikiana kama ifuatavyo. Msajili akitaka kuyaona madaftari, atayaona siku hiyo hiyo, kwani hatuna ugomvi na sheria. Lakini nakala ambayo katibu wa mkoa ametuomba kwa ajili ya uhakiki ujao hatutaitoa, wala hatutamtafutia Mwenyekiti wadhamini wa fomu yake ya urais katika mkoa huu, mpaka matakwa haya matano yaingizwe katika ajenda ya Halmashauri Kuu, yajadiliwe mbele ya wajumbe wawili kutoka matawi ya Tanga, na muhtasari wa kikao hicho utumwe kwetu kwa maandishi. Nauli ya wajumbe hao wawili tutaichanga wenyewe. Mtuarifu tarehe, na safari hii msitupigie simu jana yake.

Wabillahi taufiki.

Wenu katika chama,
Katibu wa Tawi, Mkoa wa Tanga